Mwanya wa Kuchonga

Mama Rangi hakuwahi kuwakosea wale pacha. Wengine wote waliwakosea. Mama yao mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akimchapa huyu kwa kosa la yule, kisha anambembeleza yule kwa kilio cha huyu. Kinyozi wao aliwahi kumfukuza mmoja kibandani akiapa kwamba kashamnyoa asubuhi ile ile. Lakini Mama Rangi, tangu siku alipoletwa kutambulishwa akiwa bado mchumba, aliwajua. Aliyetangulia kuzaliwa alikuwa na mwanya katikati ya meno ya mbele, na huo kila mtu aliuona akicheka. Yeye hakuhitaji kungoja mtu acheke. Wake, yule mdogo, alimjua hata kwa kisogo. Alimjua kwa harufu ya chuma kilichoungua ambayo sabuni haikuiweza, kwa alama ya cheche chini ya kidevu, na kwa lile sikio la kulia lililochoshwa na kelele za grinda ya kukatia chuma, ambalo lilimfanya akisemeshwa ageuze shingo kama kuku aliyesikia mwewe.

Mkubwa alizaliwa na mdomo, mdogo alizaliwa na mikono. Mkubwa akawa mbunge, na watu wakamwita Mwanya, maana akicheka jukwaani mtu anasahau alichokuja kudai. Mdogo akawa fundi wa kuchomelea, na watu wakamwita Fundi, basi, hawakujisumbua zaidi.

Karakana ya Fundi ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, mageti yameegemezwa nje kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Fundi alikata, akachomelea, akagonga maganda ya chuma kwa kinyundo. Mkewe alikwangua kutu, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi aliyoitaka mteja. Ndiyo maana ya jina lake. Wangeweza kufanya kazi tangu asubuhi mpaka jua la kichwa bila kuambiana zaidi ya "shika hapa" na "geuza." Jirani yao muuza mkaa alikuwa akiwatania, "Nyie mmenuniana au mmeoana?" Mama Rangi anacheka tu. Hakujua namna ya kumweleza kwamba yale ndiyo maongezi yao.

Kisha Mwanya akaanguka bafuni kwake, moyo, na hakuamka.

Alizikwa kwa heshima zote. Msiba ukaisha, viti vikarudishwa, na hapo ndipo shida ya Fundi ilipoanza. Akipita sokoni, wanawake wanashika mdomo. Akiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Kuna mzee aliyeachia mkongojo wake katikati ya njia akaanza kusoma dua kwa sauti. Mteja alikuja kuulizia dirisha la nondo. Fundi alipofunua kofia ya kuchomelea ili amjibu, yule mtu akarudi nyuma hatua kwa hatua. "Samahani, Fundi. Nitakuja siku nyingine. Sikujiandaa."

"Kujiandaa na nini?" Fundi akamuuliza mkewe baada ya mteja kuondoka. "Mimi ni mtihani?"

Akaanza kushinda na ile kofia usoni. Hata maji alikunywa akiwa ameiinua nusu tu, usawa wa mdomo.

Katibu wa chama alikuja kipindi hicho, peke yake, bila gari, amevaa kandambili kama mtu anayepita njia tu.

"Fundi, za kazi?"

"Nzuri. Unataka geti?"

"Nataka mtu."

Fundi akageuza shingo, akidhani sikio limemchezea. Katibu akavuta ndoo tupu ya rangi, akaigeuza, akaikalia. Akaeleza kwamba kiti cha marehemu kiko wazi, uchaguzi mdogo umetangazwa, na wenzao hawajalala. Yule mwenye kiwanda cha matofali, ambaye mji mzima unamwita Bwana Tofali, ameshaanza kuahidi vyoo vya shule. Mwalimu, yule mama aliyekuwa mwalimu mkuu akastaafu, anapita nyumba kwa nyumba kwa miguu yake, anabisha hodi kama anadai daftari.

"Sisi watu tunao," Katibu akasema, "tatizo hatuna uso."

"Mimi nachomelea mageti, ndugu yangu. Nikisimama mbele za watu hata jina langu nalisahau."

"Nani kakwambia uongee? Wewe cheka tu."

"Hata hicho cha kuchekea sina." Fundi akafunua meno yake, yamekaa pamoja kama matofali ya ukutani, hakuna upenyo.

Katibu akainama kuyatazama. Aliyatazama kwa muda, kichwa upande, kama mtu anayenunua mbuzi. Mama Rangi, aliyekuwa amepiga magoti akipaka mguu wa geti, akacheka. Ilikuwa kichekesho kweli, siku ile.

Jioni, wakila, Fundi akasema, "Leo muuza nyanya kanikimbia. Kaacha na nyanya zake."

"Atazoea."

"Wakiniita jukwaani hawatanikimbia. Watakuja wenyewe." Akamega tonge, hakula. "Na kaka ameacha mambo nusu. Wodi ya wazazi imesimama kwenye msingi. Labda nikiimaliza nitapumua."

Mama Rangi hakuona ubaya. Mume wake alikuwa anafifia mbele ya macho yake, na huyu ametokea mtu anamtaka aonekane mchana kweupe. Kesho yake Katibu aliporudi, yeye mwenyewe ndiye aliyemjibu kabla ya Fundi.

"Mchukueni. Ila nisikilize, Katibu. Ashinde, ashindwe, mnanirudishia huyu huyu. Sitaki mwingine."

"Shemeji yangu, tutakurudishia na chenji juu!"

Wakacheka wote watatu, na muuza mkaa akacheka kutoka kwake bila kujua wanacheka nini.

Siku walipompeleka kwa daktari wa meno Mama Rangi hakuambiwa. Aliona tu gari la chama likimshusha, leso imebanwa mdomoni. Alidhani kapigwa.

"Umeng'olewa?"

Fundi akatikisa kichwa. Akaondoa leso. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamechongwa pande za ndani, na katikati palikuwa peusi, papana, kama mlango ulioachwa wazi na watu waliohama.

"Katibu anasema itakayoongea ni picha ya kwenye karatasi ya kura. Bila hiki, watu watasema ni mwigo."

"Na sasa ukiwa nacho watasema ni nini?"

Fundi akakunja leso. Kila s aliyoitamka ilipitisha upepo, akawa anaogopa maneno yenye s. Mtoto wao wa mwisho, wa kike, ambaye kila siku alimkimbilia baba yake na kumparamia hata akiwa na glavu za kazi, alitoka uani akasimama. Akamtazama. Akarudi nyuma mpaka kwenye pipa la maji, akajificha, akabakiza jicho moja.

"Mama," akasema, "baba mkubwa amefufuka?"

"Njoo, mwanangu. Ni mimi."

"Mwambie aondoke."

Fundi akasimama pale uani, mikono imenyooshwa, haina cha kushika. Mwisho akaipeleka mfukoni.

Mazoezi yalifanyika nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, Mama Mheshimiwa, alikuwa na kabati zima la makoti ya mumewe, na ndiye aliyemjua Mwanya kuliko kitabu chochote: alivyoshika maiki, alivyokohoa kabla ya kukataa jambo, alivyowauliza wazee habari za magoti yao. Katibu alikuja karakana kumweleza Mama Rangi utaratibu.

"Mama, wewe jukwaani hapana. Usikasirike. Watu wamezoea kumwona Mwanya na Mama Mheshimiwa. Tukikuweka wewe watauliza, huyu mwanamke wa nani?"

"Wa mumewe."

"Sasa hiyo ndiyo shida yenyewe."

Mwanzoni Fundi alirudi kila siku jua likizama. Kisha akarudi siku moja moja. Kisha ikaonekana gari la kampeni linaanzia kule alfajiri, hivyo ni afadhali alale kule kule, chumba cha wageni. Mama Rangi alibaki na mageti yaliyochomelewa nusu. Aliyakwangua yote, akayapaka yote rangi ya kwanza, hata yale ambayo bado hayakuwa na bawaba. Wateja walipouliza aliwaambia subirini uchaguzi. Nao walisubiri, nani atagombana na mke wa mbunge mtarajiwa?

Mchana mmoja alimpelekea dawa yake ya macho. Moto wa kuchomelea ulikuwa umemharibu macho, yalichuruzika asipotiwa matone, na aliondoka bila kichupa. Mama Rangi akapita mlango wa jikoni, kama ndugu. Sebuleni pazia lilikuwa limefungwa nusu. Mumewe amesimama katikati ya zulia, amevaa koti la kijivu la kaka yake. Mama Mheshimiwa yuko mbele yake, anamrekebisha kola.

"Unainua mkono mapema," anamwambia. "Yeye alikuwa anacheka kwanza. Cheka. Sasa mkono."

Fundi akacheka, akainua mkono.

"Hivyo hivyo," akasema mjane. "Hivyo hivyo kabisa." Mkono wake ukabaki kwenye kola. Kisha akaweka paji la uso kwenye kifua cha koti lile na mabega yakaanza kumtikisika.

Mama Rangi alimjua mumewe. Mumewe hakujua kubembeleza. Mtu akilia mbele yake husimama wima kama nguzo, anatazama viatu vyake, anaona aibu mpaka kilio kiishe chenyewe. Lakini huyu aliyesimama kwenye zulia aliinua mkono, akampigapiga mjane mgongoni polepole, akasema, "Basi, mama watoto. Basi, imetosha."

Mama Rangi akakohoa.

"Karibu, mdogo wangu," Mama Mheshimiwa akasema, akijifuta. Hakuruka, hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Alikuwa amechoka tu. "Usione ajabu. Nikifumba macho nasikia harufu ya chuma, najua si yeye. Nikifumbua namwona. Kwa hiyo siku hizi nashinda nimefumbua."

 Mama Rangi alitamani kumchukia, ingekuwa nafuu. Akamsogelea mumewe, akampa kile kichupa mkononi.

"Ahsante, shemeji," mumewe akasema.

 Mama Mheshimiwa akatazama chini. Fundi mwenyewe alikawia kujua alichosema. Alipojua, alicheka kwanza, kisha akainua mkono.

"Ulimi umeteleza tu," akasema.

"Ndiyo," Mama Rangi akasema. "Umeteleza."

Alipofika nyumbani alivuta mswaki wa mumewe kutoka kwenye kikombe, akautazama. Mswaki wa Fundi, mkavu.

Siku ya mdahalo wagombea wote watatu waliwekwa kwenye jukwaa moja, uwanja wa shule. Mama Rangi alikwenda, akajifunika mtandio, akajipenyeza kati ya watu kama mtu asiye na habari. Karibu naye walisimama wauza matunda waliokuja na beseni zao.

Bwana Tofali aliongea kwanza. Aliongea vibaya, alisoma, alirudia mistari, lakini kila alipokwama alisema "vyoo" na watu wakapiga makofi. Mwalimu akaongea vizuri mno. Alieleza dawa zinavyofika hospitali na zinavyopotea, akitaja jambo moja baada ya jingine mpaka watu wakaanza kupiga miayo na kununuliana matunda. Kisha wakamwita Mwanya. Walimwita hivyo hivyo, kwa kipaza sauti, na yeye akainuka.

Akacheka. Uwanja ukapasuka.

"Kafufuka huyu!" mama wa beseni akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Jamani, kafufuka!"

"Magoti yako vipi, mzee wangu?" Fundi akamwuliza mzee wa safu ya mbele. Sauti ilikuwa ile, mpaka kikohozi. Zile s hazikupitisha tena upepo, alishajifunza kuzikamata. "Mimi niliwaahidi wodi ya wazazi. Sikuimaliza. Niliondoka ghafla, mnajua wenyewe. Sasa nimerudi."

 Kwenye jukwaa Mama Mheshimiwa alikuwa ameketi nyuma ya kiti cha Fundi, macho wazi.

Ikafika zamu ya wagombea kuulizana. Bwana Tofali hakuwa na swali. Mwalimu akasimama na miwani yake mkononi, akamtazama Fundi kama mwanafunzi aliyemjua tangu darasa la kwanza, na kweli alimjua.

"Mimi nimewafundisha nyote wawili," akasema. "Kaka yako alikuwa hanyamazi. Wewe ulikuwa unakaa dirishani, unakunja vikuku vya waya. Kaka yako namjua alitaka nini, na Mungu ampumzishe. Nakuuliza wewe, Fundi. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Kelele zikashuka. Mama Rangi akajikuta amesonga mbele, ameuvua mtandio, kichwa wazi. Sema, akaomba moyoni. Sema unataka turudi nyumbani. Sema unataka kuchomelea. Sema chochote ambacho ni chako, hata cha kipumbavu, watu wacheke.

Fundi alifungua mdomo. Akatazama watu, safu kwa safu, macho yakamfikia mkewe. Walitazamana. Hakukuwa na mwanamke mwingine aliyesimama pale bila mtandio, bila bendera, mwenye rangi nyekundu kwenye kucha. Macho yale yakakaa juu yake kidogo, kwa adabu, kama yanavyokaa juu ya mpiga kura, kisha yakaendelea na safu inayofuata.

"Nataka mnachotaka nyinyi!" akasema.

Uwanja ukapasuka tena, na Mwalimu akazomewa mpaka akakaa. Mama Rangi alipita katikati ya shangwe akirudi nyumbani, anasukumwa na watu wenye furaha.

Siku ya kura alipanga foleni mapema. Kwenye kile kibanda cha maboksi alifungua karatasi. Sura tatu. Bwana Tofali ametoa macho, Mwalimu amefunga mdomo, na wa tatu amecheka, mwanya katikati. Mama Rangi akaisogeza karatasi karibu na uso, akatafuta alama ya cheche chini ya kidevu. Ilikuwa imefutwa pichani. Akatafuta jicho linalochuruzika. Akatafuta kitu chochote cha mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile. Hapakuwa na kitu chake pale. Akitia alama kwenye ile picha, atakuwa amewaambia kwa mkono wake: mchukueni huyu, yule mwingine simhitaji. Akampa Mwalimu kura yake. Alipotumbukiza karatasi aliisukuma kwa haraka kama mwizi, na msimamizi akamwambia, "Pole pole, mama, sanduku halikimbii."

Matokeo aliyasikia kesho yake mchana, kwenye duka la rangi, redio ikiwa juu ya kaunta. Bwana Tofali kashinda. Fundi alikuwa mbali nyuma yake, na Mwalimu nyuma kabisa.

"Haiwezekani," akasema kijana wa dukani. "Uwanja mzima ulikuwa unamlilia."

"Hata mimi nilimlilia," akajibu mwenye duka, akizungusha kopo la rangi. "Nilimlilia mpaka fulana ikalowa. Lakini kura? Kura humpi maiti, bwana. Tulishamzika yule. Tunataka vyoo."

Wakacheka. Kisha wakamwona Mama Rangi, wakaacha.

Yeye hakukasirika. Aliona haya jinsi alivyofurahi. Alitembea haraka mpaka karakana, akafagia vumbi la wiki nzima, akapanga vijiti vya kuchomelea kwenye kopo lao, akakunjua waya wa mashine, akaweka glavu na kofia juu ya meza, tayari. Akakoga. Akamwambia mtoto, "Baba anarudi leo." Mtoto akauliza, "Yupi?"

Hakurudi. Ilipofika alasiri Mama Rangi akamfuata mwenyewe.

Alisikia kilio kabla ya kufika getini. Nyumba ya Mama Mheshimiwa ilikuwa imejaa. Viti vimetolewa nje tena, wanaume upande huu, wanawake ndani, na kina mama walikuwa wanaingia wakiwa wameshika vichwa kama siku ile ya kwanza. Mjane alikuwa amekaa chini sakafuni, amevaa nguo yake nyeusi.

"Pole, mama," walikuwa wanamwambia, mmoja mmoja. "Ya Mungu mengi."

Hakuna aliyemwambia Mama Rangi pole. Katibu alikuwa pembeni anazungumza na simu, alipomwona akampa mgongo. Fundi alikaa kwenye safu ya wanaume, ndani ya lile koti la kijivu, mikono juu ya magoti. Watu walipita wakimpa mkono, yeye anaitikia, "Tumeshapoa, tumeshapoa."

"Twende," Mama Rangi akamwambia.

Akainuka bila ubishi. Mjane aliwaona kupitia mlangoni. Aliwatazama wakiondoka, kisha akafumba macho, kwa nguvu, na hakuyafumbua mpaka walipotoka getini. Njia nzima Fundi alitembea nusu hatua nyuma ya mkewe, kama mgeni anayeonyeshwa njia.

Mama Rangi alijipa moyo kwamba ni uchovu. Alimfulia, alimtia matone ya macho, alimpa kila kitu mahali pake pa zamani. Asubuhi akamshika mkono mpaka karakana, akawasha mashine, akampa kofia. Fundi aliivaa. Akaishika mashine, akagusisha kijiti kwenye chuma, cheche zikaruka, na Mama Rangi akageuza uso kama alivyozoea, akisubiri kusikia "shika hapa." Cheche zikakatika. Fundi aliivua kofia kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Humu ndani giza," akasema. "Siwezi. Ni kama mule tulimomweka."

"Jaribu kesho."

"Nitajaribu kesho," akasema, na kesho akasema hivyo hivyo.

Koti hakulivua. Katibu hakuja kulichukua, hakuja kabisa. Fundi akawa anakalia kiti nje ya karakana, anasalimia wapita njia, anauliza wazee habari za magoti. Mwanzoni walisimama. Wengine walicheka, wengine walimhurumia, kijana mmoja wa bodaboda akipita alikuwa anapiga honi, "Mheshimiwa!" na Fundi anampungia. Baadaye hata kumkimbia hawakumkimbia tena. Walishamzoea. Walimpita kama unavyopita nguzo ya umeme. Mtoto akawa anapitia mlango wa nyuma. Usiku, kitandani, Fundi alilala chali upande wa ukutani, amejibana ukingoni, kwa heshima, kama mtu aliyelazwa kwenye kitanda cha mwenzake. Mama Rangi alinyoosha mkono mara moja tu. Hakunyoosha tena.

Wateja waliokuwa wamesubiri uchaguzi walikuja kuchukua vyuma vyao, vimepakwa vizuri, havijaungwa. Walivipakia kwenye mkokoteni wakavipeleka kwingine. Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Muuza mkaa naye aliacha utani.

Akaja mwanamume mmoja, mgeni mtaani, anasukuma baiskeli, jua likiwa limeshakolea. Mama Rangi alikuwa ndani, anakwangua kutu kwenye kipande cha geti ambacho hakuna aliyekiagiza, ili tu mikono isikae bure.

"Hodi hapa. Fundi yupo?" yule mtu akamuuliza mwanamume wa kwenye kiti. "Nina geti limeachia bawaba, ng'ombe wanatoka."

Mama Rangi akaacha kukwangua. Alisikiliza. Huyu mteja hajui habari za pacha, hajui habari za kura, kaja na shida ya chuma tu, na shida ya chuma ndiyo lugha ya mume wake. Alisikia kiti kikilia, mumewe ananyanyuka.

"Fundi hayupo, ndugu yangu," akasema mumewe, kwa sauti nzito, nzuri, ya upole. "Lakini nimekusikia. Suala lako hilo ni la msingi. Tutalishughulikia."

Akampa mkono. Yule mtu akaupokea, akabaki ameushika, hajui aurudishe vipi. Akachungulia ndani, akamwona Mama Rangi amechuchumaa na brashi ya waya.

"Eti, mama. Kaenda wapi fundi? Atarudi lini?"

Mama Rangi alimtazama mumewe pale nje, kisogo kimemgeukia, koti la kijivu limechanika kwapani. Alikitazama kile kisogo kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hakuaga," akasema.

Yule mtu akashukuru, akageuza baiskeli yake.